Iliki Katika Chumba cha Chai

Mwezi uliopita nilistaafu, nikarudisha koti jeupe, ufunguo wa kabati na kijiko cha kuonjea, na Nuru, aliye mdogo wenu kuliko wote, akaniomba nisiondoke bila kuwaachia maandishi. Alitaka mambo ya kazi. Nitaandika mambo ya kazi. Lakini kazi yetu ni ya pua, na pua mtu huenda nayo nyumbani, kwa hivyo mtayasoma pia ya nyumbani kwangu Kibokoni, na baadhi yake hayanipambi.

Siku yangu ya kwanza sikufika hata mezani. Mama alinitayarisha kana kwamba naenda arusini: nguo amezifukiza udi, nywele amezitia asmini. Nilishuka Shimanzi katikati ya malori, nikapita mbele ya maghala nikijiona bibi. Mzee Mbaruku, msimamizi wa chumba cha sampuli, ambamo chai hupimwa na kujaribiwa kabla ya kupelekewa waonjaji wa wanunuzi, alinizuia mlangoni. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa nyumba za zamani za Mji wa Kale, na sikumbuki hata siku moja aliyoinua sauti.

"Sabalkheri, mwanangu," alisema. "Wanukia vizuri sana. Sasa rudi nyumbani ukaoge kwa maji matupu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Chai huvuta harufu ya kila kilicho karibu nayo, na sampuli ikishanuka kitu kingine, mwonjaji hataki kujua shamba lilihangaika vipi. Ataandika kwamba chai ina harufu ya kigeni, na chai ya shamba zima itaondolewa mnadani wiki ile. Nilirudi adhuhuri, nywele zinadondoka maji, nikamkuta msichana mwingine ameshaketi kwenye mizani. Alikuwa ameajiriwa wiki moja nami. Jina lake Salma, wa Mlango wa Papa. Yeye alikuwa amepita siku moja kabla kuuliza kama kuna jambo la kujua. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia, na kwa mahudhurio ulinishinda mimi mwenyewe, maana mimi nilikosa kazi siku nilizougua, wivu haukukosa.

Mzee Mbaruku alitufundisha pamoja. Alitufundisha kuchoma gunia kwa bambo, kile chuma kirefu chenye mfereji, kwa pembe inayoshuka ili chai ije yenyewe bila kuvunjika majani. Alitufundisha kuziba tundu mara moja kwa kibandiko, na kuandika jina la shamba kabla ya kufunga mfuko, si baada. Alitufundisha kupima chai kwa macho, kisha kuihakikisha kwa mizani, kisha kutoamini macho. Na jambo ambalo nyinyi vijana mnaliruka: kunusa kikombe kikiwa kitupu, kabla hakijatiwa chai. "Kikombe kitupu ndicho kinachosema uongo," alikuwa akituambia. Nilikuwa na pua nzuri. Nasema hivyo kwa sababu yeye alisema hivyo, na kwa sababu Salma alikuwa na pua ya kawaida tu. Ilinifariji kwa miaka kadhaa.

Tuliolewa mwaka mmoja. Mimi niliolewa na Athumani, aliyekuwa akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi Mwembe Tayari, tukakaa orofa ya juu, mavyaa wangu, mamake, akikaa chini. Salma aliolewa na Yusufu, fundi wa umeme. Tukazaa, tukarudi kazini, tukazaa tena. Mishahara yetu ilikuwa ile mnayoijua, kwa hivyo kila mmoja alitafuta biashara ya pembeni. Salma alianza kutengeneza udi wa kufukiza. Mimi nilianza kusaga viungo vya chai: iliki, mdalasini, tangawizi kavu, karafuu na pilipili manga kidogo. Wote wawili tulichagua vitu vyenye harufu, na wote wawili tulifanya kazi katika chumba kisichotaka harufu. Mkicheka mna haki.

Tofauti ilikuwa hii. Nyumbani kwa Salma, mavyaa wake ndiye aliyepika udi darini. Wifi yake aliufunga katika vikopo. Mume aliwachukua watoto. Salma mwenyewe alikuwa na Jumamosi, kuanzia adhuhuri hadi magharibi, ya kuchanganya manukato, kisha anaoga, anabadili nguo, na Jumatatu anaingia kazini hana hata chembe ya harufu. Chakula chake cha mchana kilikuwa kimepikwa na mtu mwingine. Najua, kwa sababu nilikuwa nikimnusa. Mikono yake haikunuka kitunguu.

Yangu ilinuka. Niliamka kwa sala ya alfajiri, nikasaga iliki jikoni, madirisha nimeyafungua yote, kilemba cha plastiki kichwani kama mtu anayeoshwa nywele. Kisha nikaoga, nikapika chai ya watoto, nikawavalisha wa skuli, nikapeleka uji kwa mavyaa wangu chini, nikaoga tena. Athumani aliamka, akaikuta chai mezani, akainywa. Jioni alikwenda barazani kucheza dhumna na wenzake. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nikiweka sufuria chini kwa kishindo, nikidhani sufuria itanisemea.

Kazini nikawa sina hamu na neno la Salma lolote. Akisema mavyaa wake amempikia mkate wa mofa, mimi nasema mofa humpa mtu kiungulia. Akisema Yusufu amewapeleka watoto kuogelea, nasema siku hizi watoto wanazama sana. Yeye alikuwa akinitazama tu, kisha anarudi kwenye vikombe vyake. Asubuhi moja Yusufu alimleta mpaka langoni kwa pikipiki, mvua inanyesha, amemfunika kwa koti lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale langoni, viatu vimejaa maji. Alinisalimu kwa heshima, "Shemeji, hujambo?" nikamwitikia huku namchukia mtu wa watu ambaye hakuwa na kosa ila kumfunika mkewe.

Sasa nafika palipo pagumu, na ndipo hasa nilipotaka mfike.

Makarani wa ghala la pili walikuwa wakinunua viungo vyangu. Kanuni mnaijua: kitu cha harufu hakivuki mlango wa chumba cha sampuli. Nilikuwa nikiwapa nje, langoni. Lakini siku hiyo nilichelewa. Mtoto wa mwisho alikuwa na homa, mavyaa wangu alitaka kupelekwa kwa daktari, Athumani alikuwa ameshatoka. Nilifika mbio, na pakiti mbili za iliki ya kusaga nilizoahidi zikiwa kwenye mkoba. Badala ya kuziacha kwa bawabu, niliingia nazo, nikazisukuma nyuma ya rafu, palipowekwa mifuko mitupu ya sampuli. Nilisema nitazitoa saa ya chakula. Saa ya chakula nilikwenda kuuliza hali ya mtoto kwa simu. Nilizikumbuka siku ya tatu. Moja ilikuwa imepasuka pembeni. Nilifuta rafu kwa kitambaa kibichi, nikatoka nazo, nikaona yamekwisha.

Wiki iliyofuata waonjaji wa wanunuzi watatu tofauti walirudisha sampuli za shamba moja. Wote waliandika neno lile lile: harufu ya kigeni. Chai ya shamba lile ikaondolewa mnadani, na barua ikamfikia meneja. Alikuja chumbani na barua mkononi, akatutazama sote, kisha macho yake yakatua kwa Salma na hayakuondoka.

"Si wewe unayetengeneza udi?" aliuliza.

"Ni mimi," Salma alijibu. "Lakini hauingii hapa."

"Sikuuliza kama unaingia. Kaa nyumbani mpaka nijue."

Salma alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Alipopita karibu yangu alinitazama, si kwa kunishuku, alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake wa miaka mingi akingoja aambiwe neno moja zuri. Nilikuwa nimeinama kwenye mizani, napima chai iliyokwisha pimwa. Na niandike ukweli wote, maana sitaandika mara mbili: moyoni, kando ya hofu, palikuwa na utamu. Nilisema, naye sasa ajue asubuhi mbaya ikoje.

Siku nne nilikwenda kazini nikafanya kazi yangu na yake. Siku ya nne Mzee Mbaruku aliniita kwenye rafu. Alikuwa ameshika mfuko mtupu wa sampuli. Aliufungua, akaunusa, akanipa.

"Nusa."

Nilinusa.

"Udi hupiga puani kwa uzito na utamu," alisema. "Huu wapanda kwa ubaridi. Ni nini?"

Niliurudisha mfuko puani.

"Nimekufundisha mwenyewe, Mwanakheri. Usinambie hujui."

"Iliki, Mzee."

"Iliki." Aliukunja mfuko ukawa mdogo kabisa. "Mimi nikienda kwa meneja, nitamwambia nilichonusa. Wewe ukienda, utamwambia ulichofanya. Si mamoja hayo. Nitangoja mpaka kesho adhuhuri."

Ningeweza kusema kwamba nilikwenda papo hapo. Sikwenda. Nilirudi nyumbani, nikapika, nikalala vibaya, na asubuhi nikagonga mlango wa meneja nikamweleza mambo ya rafu, pakiti na siku tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikufukuzwa, na mpaka leo sijui Mzee Mbaruku alimwambia nini. Salma aliitwa arudi kazini, nami niliondolewa chumba cha sampuli, nikapelekwa uwanjani kuhesabu magunia yanayoshuka malorini. Nilikaa huko miezi minane, katika vumbi na moshi wa dizeli ulioiua pua yangu hata nikawa sijui nimeunguza wali mpaka niuone.

Lakini jioni ya siku ile ile nilikwenda kwanza Mlango wa Papa. Sikupata kufika kwao kabla ya hapo, ingawa nilikuwa na picha yao kichwani kama mtu aliyeishi humo. Salma alinifungulia mwenyewe. Hakunikaribisha kuketi, nami nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza, alikuwa bado ameshika mlango.

"Siku nne," alisema. "Wajua mavyaa wangu alifanya nini? Aliniuliza kama ni mkono wake ulioniharibia kazi. Mama mtu mzima. Sufuria lote la udi alilokuwa amelipika, amelimwaga. Asema hapiki tena."

"Nipeleke kwake nimwambie."

"Utamwambia. Mbele ya mwanawe na mbele ya wifi yangu."

Nilimwambia, wote wamekaa, watoto wamenyamazishwa. Bibi yule alinisikiliza huku akikunja nguo. Mwisho alisema, "Basi udi wangu hauna ila?" Nikasema hauna. Akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea kukunja. Hakuniuliza lolote kuhusu mimi. Yusufu aliinuka, akatoka nje.

Salma alinisindikiza mpaka chini, na pale ukumbini, katika giza la ngazi, maneno yakanitoka mdomoni bila ruhusa.

"Wewe huwezi kujua," nilimwambia. "Wewe wapewa kila kitu. Hapa kila mtu yuwakushikia jambo. Mimi niko peke yangu tangu alfajiri."

Nilitegemea atanifukuza, na angekuwa na haki. Badala yake aliketi kwenye ngazi.

"Napewa?" alisema. "Mimi niliwaketisha pale juu, mume na mamake, nikawaambia: Jumamosi, adhuhuri mpaka magharibi, nataka nisiwe na mtoto wala chungu. Na tukapatana mimi nitawapa nini badala yake. Yusufu alininunia miezi miwili. Mavyaa alisema mke wa mwanawe ataka kuwa bwana. Nikasema tena. Nikasema mara ya tatu. Wewe umemwambia nini Athumani?"

"Athumani haoni? Ana macho."

"Nimekuuliza umemwambia nini."

Nilisimama pale nikitafuta. Nilipitia miaka yote, asubuhi zote, sufuria zote. Sikupata neno hata moja lililokuwa na kitenzi ndani yake.

"Nenda nyumbani, Mwanakheri," alisema. "Bado nina hasira nawe, na nataka nikae nayo peke yangu."

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nilimketisha Athumani. Nilimwita na mavyaa wangu apande juu, kwa jinsi nilivyoona kwa Salma, maana hata katika kuomba nilikuwa namwiga. Nilisema nataka asubuhi tatu kwa wiki, nisishike mtoto wala uji, na nataka mtu wa kuchekecha na kufunga pakiti, ili nguo zangu za kazini zisikae chumba kimoja na iliki. Nilisema kwa nini nimepelekwa uwanjani. Hilo hawakulijua.

Athumani akasema kitu ambacho sijamaliza kumsamehe.

"Mimi nilidhani wapenda kuamka mapema."

"Miaka sita?"

"Ulikuwa ukiamka mwenyewe. Hukuniamsha. Na ukimaliza ulikuwa huna maneno, nikasema huyu hapendi kusemeshwa akiwa kazini kwake."

Mavyaa wangu, ambaye nilimpelekea uji kila siku nikiamini ni mzigo wangu, alisema yeye amesaga viungo tangu hajaolewa, na kwamba kinu changu nakishika vibaya. Anakisikia kutoka chini kila asubuhi na kinamuudhi. Sikujua nilie au nicheke. Kuanzia wiki ile uji alijipikia, na wa watoto pia, na akapanda juu kunionyesha jinsi ya kushika mchi.

Athumani alichelewa kuzoea. Wiki za mwanzo alivaa viatu vya barazani saa ile ile ya dhumna, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, kisha akavivua. Alichekecha vibaya. Alifunga pakiti zikafunguka. Alinuna, lakini si miezi miwili; Yusufu alimzidi. Kisha siku moja alichukua pakiti kumi akawapelekea wauza chai wa Feri, akarudi mikono mitupu na habari nyingi: fulani anataka tangawizi izidi, fulani ataka isiwe na karafuu, shangazi yake mwenyewe wa mtaa wa Buxton ataka ya kuweka arusini. Alikuwa ameandika kwenye karatasi. Nilimtazama akisoma ile karatasi, nikaona uso wake umekuwa wa kijana.

Miezi ile minane ilipokwisha nilirudi chumba cha sampuli, pua ikanirudia, na Salma na mimi tukafanya kazi meza moja miaka mingine mingi. Urafiki ulikuja polepole. Hakunitania kamwe kuhusu iliki, na mimi niliacha kuwazamisha watoto wake majini. Wivu haukwisha, sitawadanganya. Mzee Mbaruku alipostaafu alimpa Salma usimamizi, licha ya pua yangu nzuri, na sikuuliza kwa nini. Yeye aliacha kazi miaka michache kabla yangu, akafungua duka la udi na manukato, binti zake wawili wakikaa kaunta. Nilimpikia biriani ya kumuaga. Nilipokuwa nikikaanga vitunguu nilisema moyoni, tazama, hata leo yeye hapiki.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kazi ni huu, Nuru na wenzako: nuseni kikombe kitupu, andikeni jina kabla ya kufunga mfuko, na mkitaka msaada nyumbani, usemeni kwa maneno, na wenye nyumba wakiwa wameketi. Sufuria haisemi kitu. Na mkishaomba, jitayarisheni kupewa, maana hilo hakuna aliyenionya.

Wiki ya kwanza ya kustaafu niliamka asubuhi nikavaa aproni, nikaingia kile chumba cha chini ambacho mavyaa wangu alituachia alipofariki, ndicho tunachosagia viungo. Athumani alikuwa ameshafika. Mashine inakwenda, pakiti zimepangwa, daftari la maagizo liko wazi. Mwanamke mmoja wa Buxton alikuwa mlangoni. Nilimkaribisha, nikamuuliza anataka gani.

"Namngoja Bwana Athumani," alisema. "Yeye ndiye anayejua yangu."

"Mimi ndiye mwenye viungo," nilimwambia. "Ni mimi niliyevianzisha."

Alinitazama kwa adabu, kama watu wanavyowatazama wazee. "Ndiyo, mama. Lakini mdalasini wangu hupunguza yeye."

Athumani alimpimia, akamfungia pakiti ambayo haitafunguka milele, wakaulizana habari za watoto kwa majina. Mimi nilisimama kando ya gunia la tangawizi. Ilinipanda pale pale, ile hali ninayoijua kuliko harufu yoyote, na safari hii si kwa Salma. Mwanamke alipoondoka, niliketi kwenye kigoda, nikamwomba mume wangu azime mashine na aketi nami.

"Nataka siku mbili," nilisema. "Jumanne na Alhamisi. Siku hizo wateja wahudumiwe nami, na wewe usiwepo."

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Jumanne ndiyo siku ya watu wa Feri," alisema. "Wamenizoea."

"Najua."

"Alhamisi chukua. Jumanne nipe nifikiri."

Yuwafikiri mpaka leo. Nimeshamwambia mara ya pili.